Boljointi ya Kushoto

Jumapili ile mama alishuka garini kabla hatujafika kanisani. Baba alipunguza mwendo kupisha ng'ombe, mama akafungua mlango, akashuka na kitabu chake cha nyimbo na kusema atatembea. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba asubuhi ni nzuri na miguu yake inataka mwendo. Asubuhi yenyewe upepo ulikuwa unarusha mchanga hadi kuku walikuwa wamejibanza nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimeshika kishikio cha juu ya dirisha kwa mikono miwili, na nilijua alichokuwa anakikimbia. Gari halikuwa linakwenda moja kwa moja. Lilikuwa linaenda kushoto, linarudi, linaenda tena, na mara mbili tulikuwa tumeyafagia majani ya alizeti za watu.

Jioni kaka alipiga simu kutoka Dodoma. Mama huwa hasemi mambo mazito mbele ya baba. Huyasemea kwenye simu, nyuma ya jiko, na huko alikuwa ameyasema yote.

"Ufunguo uchukuliwe," kaka alisema. Yeye ndiye mkubwa wetu, mtu wa kukata maneno. "Mzee amechoka. Ataua mtu, halafu tutajificha wapi?"

"Au ni gari," nikasema.

"Gari gani?"

"Hilo hilo. Limekuzidi umri wewe. Umewahi kuinama ukaangalia miguu yake ya mbele?"

Hakuwahi. Nami sikuwahi, ila hilo sikulisema. Tulibishana hadi salio likaisha, akapiga tena, tukaendelea kubishana. Mwishowe tukaafikiana hivi: gari lipelekwe gereji, miguu ya mbele ipimwe na kutengenezwa. Likinyooka barabarani baba akiwa ameshika usukani, basi hakuna wa kumgusa. Lisiponyooka, baba hataendesha tena, na wa kumwambia hivyo ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyejifanya wakili wake.

Nilikata simu. Nilijua ninachokipigania. Baba alikuwa dereva maisha yake yote, akiwapeleka wachimba visima porini katika vijiji ambavyo hata njia vilikuwa havina. Alipostaafu alilinunua gari hili kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya: stesheni wagoni la Kifaransa, lenye simba wa bati puani, la rangi ambayo zamani ilikuwa ya maziwa. Hapa kwetu, upande wa Mgori, gari hilo limebeba wajawazito, vitunguu, maharusi na majeneza. Usiku au mchana mtu akigonga dirisha, baba anavaa kofia na kutoka. Hajui kukaa, na mimi nimeurithi ugonjwa huo kwake. Niliwaona wenzake walioambiwa wapumzike. Walianza kwa kukaa barazani, wakaingia sebuleni, kisha chumbani, na hatukupata tena kuwaona nje. Niliogopa. Sikutaka baba apumzike.

Kesho yake asubuhi nilimwamkia na hapo hapo nikamwambia gari linakwenda gereji mjini Singida, ninakoishi.

"Gari halina kitu," alisema.

"Baba, linayumba."

"Barabara mbovu."

Nilidhani ni ubishi wa wazee. Baba ni mtu anayeweza kukaa ndani anakunywa uji, lori likapita barabarani, akakwambia krosi ya shafti yake imekwisha na haitafika Singida. Leo gari lake mwenyewe linagonga kama mtu anatwanga mahindi, naye anasema halina kitu. Nikamtania kwamba masikio yamezeeka. Hakucheka. Akaangalia mikono yake kidogo, kisha akasema kama nimeamua, basi niendeshe mimi.

Niliendesha mimi. Na sijawahi kufurahia ubovu kama siku ile! Usukani ulikuwa unazunguka kidogo bure kabla gurudumu halijasikia. Nikikanyaga breki, gari lote linainama na kuvuta kushoto. Kwenye rasta, vile vituta vidogo vidogo ambavyo malori huviacha barabarani, mbele kulilia ko-ko-ko-ko mfululizo, meno yakagongana. Kila lilipogonga nilisema moyoni, gonga, gonga tena. Nilishika simu kwa mkono mmoja nikarekodi sauti ile nimtumie kaka, baba akaniambia niendeshe kwanza. Ndilo neno lake pekee hadi tulipoanza kuyaona yale mawe makubwa ya kuingilia mjini.

Fundi niliyemchagua ana uwanja wake kando ya barabara, ametulia kati ya mawe mawili makubwa kuliko nyumba, na anayapokea magari ambayo mafundi wengine wanayakimbia. Ni mtu wa makamo, maneno mengi, shati lililokwisha kusahau rangi yake. Alimwamkia baba shikamoo, akalizunguka gari mara moja bila kuligusa, akanigeukia.

"Dada, hili mmelileta kutibiwa au kuzikwa?"

"Kutibiwa. Na haraka."

"Haraka hapa hatuna. Tuna spana."

Mimi nilitaka alale chini ya gari saa ile ile. Yeye akaanza na matairi. Alipitisha kiganja juu ya tairi la mbele kushoto, akaniita nipitishe changu: upande wa ndani lilikuwa limelika hadi nyuzi, upande wa nje lina meno yake karibu yote. Gurudumu linatembea limeinama, alisema. Kisha akaiegemea pembe ya mbele ya gari kwa uzito wake wote na kuiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka, halina haja ya kutulia. Shokapu zinazotakiwa kulituliza zilikuwa tupu. Akanionyesha mafuta yake yalivyovuja na kuganda na vumbi kwenye bomba.

Akapiga jeki, akaweka gogo, gurudumu likaning'inia. Akalishika kulia na kushoto akalitikisa: kimya. Akalishika juu na chini akalitikisa, na hapo hata mimi nilisikia, tok, tok, chuma kikigonga ndani ya chuma. Nikaruka.

"Ndiyo hiyo!"

"Tulia dada, bado hatujajua ni nini." Akaniambia niingie ndani nikanyage breki, yeye atikise tena. Kama mlio ungepotea, ugonjwa ungekuwa kwenye bearingi za gurudumu. Nilikanyaga hadi goti likauma. Tok, tok. Haukupotea.

"Boljointi," fundi alisema kutoka chini. "Kushoto. Imekufa kabisa. Ningeitikisa zaidi kidogo, ingebaki mkononi."

Boljointi ni kifundo tu cha chuma, kichwa cha mviringo ndani ya kikombe chake, chini kabisa pale gurudumu linaposhikana na mkono wa gari. Ndicho kinacholibeba gurudumu na kuliacha ligeuke. Kikombe kikilika, gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe. Fundi akachukua mtaimbo, akabinya mahali mkono ule unaposhikiliwa na bodi, akaniita nichungulie. Pale panatakiwa pawe na bushi, mpira wa kuzuia chuma kisisuguane na chuma. Palikuwa na unga mweusi na vipande viwili vya mpira, basi.

Nilipiga picha zote nikamtumia kaka. Tairi, mafuta, unga wa mpira, kidole cha fundi ndani ya nafasi isiyotakiwa kuwepo. Nikamwandikia: *unaona? unaona?* Nilihisi nataka kuimba. Chuma kikiharibika kinabadilishwa. Unakwenda dukani, unakitaja jina, unapewa kipya. Nilikuwa nimeomba ugonjwa uwe kwenye chuma, na chuma kilikuwa kimeoza kila mahali.

Baba alikuwa amekaa mbali kidogo, kwenye kiti kilichong'olewa kwenye basi fulani, anaangalia barabara.

"Mzee, njoo uone mwenyewe," fundi aliita.

"Nimeshaona," baba alijibu, na hakuinuka.

Boljointi haikupatikana Singida. Ilibidi itumwe kwa basi kutoka Dar, na kusubiri kitu kinachokuja na basi ni adhabu ambayo sikuumbiwa. Nilikwenda stendi asubuhi, nikaenda jioni. Wapakia mizigo walinizoea hadi wakawa wananitikisia kichwa kwa mbali, bado, nikiwa hata sijavuka barabara. Shokapu zilikuja kwanza, nikazipeleka mbio gereji kana kwamba kuna mtu anakata roho. Baba alikaa kwangu siku zote hizo, na nyumba yangu ilikuwa ndogo kwa watu wawili wasiojua kukaa. Alikuwa anakwenda hadi ziwani na kurudi, anatoka uani, anaingia. Alikuwa anajigonga bega kwenye mlango wa sebule, akisema nyumba za mjini zimebanwa. Nilimwahidi kwamba gari likitoka, tutapita kila mtaa kaka atutazame kwenye simu. Alisema sawa, mwanangu, ule kwanza.

Bushi fundi alikataa zisinunuliwe. Nilibisha sana. Nilitaka kila kitu kiwe kipya, ndani ya boksi, kaka asipate pa kushikia. Fundi akaniuliza gari linatembea barabara gani. Nikamwambia ya Mgori. Akasema za boksi zinapenda lami; kwa rasta za kule zitakufa kabla alizeti hazijavunwa. Akatoa kipande cha tairi la lori, zile za zamani zenye nyuzi ndani, akaanza kuchonga kwa kisu anachokilowesha maji. Anachonga, anapima kwenye tundu lake, anachonga tena. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Ilimchukua mchana mzima, na alipoziingiza ilibidi azigonge kwa nyundo na kipande cha bomba, akizitukana kwa upole.

Boljointi ilipofika niliibeba mwenyewe kutoka stendi, mapajani juu ya bodaboda, kama mtu aliyetumwa yai. Ilikuwa nzito na nzuri. Fundi akaifunga, akafunga shokapu, akarudisha gurudumu. Mkono wa gari ulikuwa bado haujakazwa zile nati za bushi, nami nikachukua spana nimsaidie tumalize. Akaninyang'anya.

"Ukikaza likiwa limening'inia, mpira unajikunja. Likishuka chini unakatika. Tutakaza likiwa limekaa chini, tena na mzigo wake. Mzee, huwa unabeba watu wangapi?"

"Wanaoingia," baba alisema.

Fundi akatoka hadi barabarani. Pale nje huwa hapakosi watu wanaosubiri usafiri wa vijijini na matenga yao ya kuku. Akawaita waingie garini. Walidhani wamepata lifti, wakaja mbio, na walipoelezwa kwamba gari haliendi popote, wakacheka, wakaingia hivyo hivyo. Mama mmoja mnene wa vitunguu aliuliza kama akikaa mbele gari halitapinda tena.

"Wewe ndiye ninayekutafuta hasa," fundi alimwambia. "Kaa hapo, vuta pumzi ndefu."

Walijaa hadi nyuma kabisa, na tenga moja la kuku. Wenye bodaboda wakakaa juu ya bampa. Fundi akamwambia baba akae mahali pake, baba akaingia akashika usukani, na kwa muda ule mfupi nilimwona alivyokuwa: mzee mwenye kofia, gari limejaa watu, kila mtu anamtania, anauliza tunafika saa ngapi. Fundi alikuwa chini, miguu inaonekana, anakaza. Watu walipoanza kushuka, mama wa vitunguu alimshukuru baba kwa safari nzuri isiyo na mashimo. Baba akacheka. Ndiyo mara pekee aliyocheka wiki ile.

Mwisho fundi alifunga uzi nyuma ya gari, akauvuta ubavuni kugusa matairi hadi mbele, akarekebisha magurudumu ya mbele hadi uzi ukalala sawasawa pande zote mbili. Akaniambia nikajaribu. Nikaenda peke yangu hadi nje ya mji kwenye lami iliyonyooka, nikaachia usukani, mikono hewani. Gari likaenda. Halikwenda kushoto, halikwenda kulia. Nilipiga kelele ndani ya gari kama mwendawazimu. Nilikanyaga breki, likasimama limetazama mbele. Nilimpigia kaka pale pale.

"Ni gari! Nilikwambia ni gari!"

"Wewe ndiye unayeendesha?"

"Mimi."

"Mpe mzee," alisema. "Halafu uniambie."

Tuliondoka mjini mchana, jua likiwa bado kali. Baba alikaa kwenye usukani, mimi kushoto kwake. Alirudisha kiti alikokizoea, akarekebisha kioo, akatoka taratibu akimpungia fundi. Kwenye lami tulikwenda vizuri, kuna mstari mweupe na baba aliufuata. Nilikuwa na maneno mengi. Nilimsifu fundi, nikazisifu bushi, nikamsifu baba kwa kutunza injini. Alikuwa anaitikia mhm.

Tulipoacha lami tukaingia barabara ya vumbi, gari likaenda kushoto.

Nikashika kishikio cha juu ya dirisha. Likarudi. Likaenda tena taratibu, taratibu kabisa, hadi majani ya alizeti yakaanza kupiga mlango wangu, pa, pa, pa, na ndipo likarudi barabarani kwa kishindo.

"Ule uzi," nikasema. "Fundi amekosea kuvuta uzi. Turudi."

Baba aliendelea.

"Au bushi. Nilimwambia anunue za boksi, hakusikia. Turudi baba, bado mapema. Au mikono yako ilizoea kuvuta kulia, sasa gari limenyooka unahitaji tu kuzoea. Si ndiyo? Siku mbili tatu utazoea."

Mbele yetu, upande wangu, kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli yenye magunia. Nilimwona tangu mbali. Nilisubiri baba apishe. Tulikuwa tunamwendea, magunia yanakuwa makubwa, naye mtu yule akageuka akatuangalia.

"Baba!"

Alizungusha usukani, na gari likatii papo hapo, likaruka kulia, likatulia. Lile la wiki iliyopita lisingeweza. Baba akapunguza mwendo, akasimama pembeni, tairi za kushoto ndani ya shamba la mtu. Yule wa baiskeli alitupita akitusemesha kwa hasira, tena kwa haki yake. Baba akamwomba radhi kwa Kinyaturu kupitia dirisha.

Kisha akasema, "Gari limenyooka. Fundi amefanya kazi safi. Limenyooka kama siku niliyolitoa kwa padri."

"Baba..."

"Jicho la kushoto limekwisha. Lilianza kama moshi hivi. Siku hizi nikiangalia mbele, upande ule haupo. Nikisikia majani ndipo najua nimetoka njiani."

Nikaanza. Nilisema hospitali ya mkoa, nikasema daktari wa macho, nikasema Dodoma, kaka atampokea, siku hizi wanafanya upasuaji unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nilitaka tugeuze gari tuanze safari. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa. Na nilipoishiwa ndipo nikakumbuka ninaongea na nani, mtu anayeujua ugonjwa wa lori kwa kusikia likipita.

"Na ile boljointi," nikasema. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu ilipoanza. Niliisikia kabla ya mama yako kuanza kuogopa."

"Sasa kwa nini hukusema?" Nilikuwa nimekasirika, sauti ilinitoka kubwa. "Miezi yote hiyo umepanda gari bovu na mama ndani, unajua, unanyamaza! Kwa nini?"

Baba alikuwa anaangalia mbele, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Ningesema," alisema, "mngeitengeneza."

Ilichukua muda kuniingia. Gari likiwa bovu, kuyumba kulikuwa kwa gari. Alikuwa ameutunza ubovu ule kama kitu pekee alichobakiwa nacho, na mimi nilikuwa nimekwenda stendi asubuhi na jioni kuutafutia dawa. Nililia, nikajaribu kulia kimya kimya asijue. Alisikia. Akageuza shingo, akaendelea kuigeuza pole pole, hadi jicho lake la kulia likanipata.